Chuma Kinapojibu

Karatasi haimjibu mpigaji. Ukiitoboa kutoka mita 100 inabaki kimya palepale, na ili ujue umefanya nini ni lazima bunduki zote zilazwe chini, mkufunzi atoe ruhusa, kisha mtembee hadi kwenye ubao mkahesabu matundu. Chuma kinajibu hapohapo. Unafyatua, na kabla hujashusha pumzi mlio umeshakufikia: ngeee! Umepata. Kwa askari kijana aliyelala kifudifudi juani tangu asubuhi, mlio huo una utamu usiopatikana kwenye karatasi yoyote. Ndiyo maana karibu kila kambi niliyoishi katika Mkoa wa Singida ilikuwa na chuma kimening'inia mahali fulani, kimejaa alama za risasi: ringi ya lori, kipande cha springi, plau lililochakaa, diski ya trekta.

Nimebeba bunduki ya serikali katika Pori la Akiba Rungwa na majirani zake, Kizigo na Muhesi, kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na baadaye nikawafundisha askari wanyamapori wa vijiji. Naandika haya kwa sababu utamu wa mlio ule umewaumiza watu niliowafahamu, na karibu wote walioumia hawakuwa wameshika bunduki. Walikuwa wamekaa pembeni. Walikuwa wakichochea moto, wakisubiri zamu, wakifunga mizigo. Mpigaji hufundishwa kuogopa kilicho mbele ya mtutu, na ni haki afundishwe hivyo. Lakini ukishatundika chuma mbele yake, hatari haikai tena upande mmoja.

Somo la kwanza, hata hivyo, nililipata kwa jiwe.

Vijana wa rika langu tulikua wakati mgambo ulikuwa jambo la kila wilaya. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotoka wiki chache tu baada ya Idi Amin kupindua serikali nchini Uganda, uliweka ulinzi wa nchi mikononi mwa wananchi wenyewe, na kwa miaka mingi baadaye vijana wa vijijini walikusanywa, wakakimbizwa mchakamchaka, wakafundishwa kwata na kufungua na kufunga silaha, na mwishoni wakapelekwa kulenga shabaha. Sisi tulitumia SAR, bunduki nzito ya kitako cha mbao ambayo wazee wengi wa mgambo wanaikumbuka kwa bega lililovimba.

Singida ni nchi ya mawe. Anayeingia mjini anayaona kabla hajaziona nyumba: majabali ya granaiti yaliyopandana, mengine makubwa kuliko basi, yamelizunguka Ziwa Singida na Ziwa Kindai, na huko nje ya mji hata shamba la alizeti linalimwa kwa kuyakwepa. Kwa mtu anayetafuta uwanja wa shabaha, nchi ya namna hiyo ni rahisi kumdanganya. Unaona kilima chenye nyasi na vichaka, unasema hiki kitazikamata risasi zote. Afande aliyetufundisha alikuwa mtu mzima, asiyepaza sauti, na siku ya kuchagua uwanja alikuja na sululu. Alipanda kilima ambacho sisi sote tulikuwa tumeshakikubali, akachimba. Udongo ulikuwa kina cha kiganja. Chini yake jabali. Akasogea hatua chache, akachimba tena. Jabali. Akatuita tukaone kwa macho yetu.

Alitueleza kwamba risasi ikigonga jabali kwa mshazari haimalizi safari yake pale. Inateleza, inapinda, inaondoka na mluzi, na hakuna anayeweza kusema itatua wapi. Risasi ya SAR inaweza kwenda zaidi ya kilomita 2, na hata ikishapoteza sehemu ya kasi yake kwenye jiwe bado inaua. Akataja na maji: uso wa ziwa lililotulia, ukipigwa kwa pembe ndogo, unairusha risasi juu na kuipeleka ng'ambo. Nyuma ya kilima kile kulikuwa na wachungaji na ng'ombe wao. Basi tukahamia kwenye korongo lenye ukuta mrefu wa udongo mwekundu, mwendo mrefu, jua kali, vijana tukinung'unika njia nzima. Nimeikumbuka sululu ile mara nyingi kuliko nilivyokumbuka kwata.

Baada ya kupita Pasiansi, Mwanza, chuo ambacho askari wanyamapori wengi wa nchi hii wamepitia, nilipangiwa upande wa Rungwa. Tulikuwa chini ya Idara ya Wanyamapori. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ilikuja kushika kazi mwaka 2016, mimi nikiwa tayari na mvi. Rungwa ya miaka ile ilikuwa mbali na kila kitu. Barabara ya kutoka Itigi ilikuwa mchanga wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na katikati yake kuna vile vichaka vya Itigi, vizito, vimesukana, ambavyo mtu akiingia hatua kumi haonekani tena. Bunduki ilikuwa uhai. Kulikuwa na majangili, kulikuwa na nyati aliyejeruhiwa na mtu mwingine akakusubiri wewe, na kulikuwa na tembo walioingia mashambani kwa watu. Lakini bunduki iliyorushwarushwa kwenye gari siku nzima hupoteza ulengaji wake, kwa hiyo kabla ya doria ilitupasa kuzipima. Karatasi mara nyingi hazikuwepo, au zilikuwepo zikaliwa na mchwa. Tukapima kwa chuma.

Katika kambi moja shabaha ilikuwa diski ya jembe la trekta, imetundikwa kwa waya kwenye tawi la mtundu. Diski ile ina mbonyeo, na walioitundika waliuelekeza upande wetu, kwa sababu upande huo ndio ulioonekana vizuri jua likiupiga. Umbali haukufika mita 50. Mpigaji alikuwa askari mzoefu, mkono wake hautetemeki, bunduki yake safi. Alilala, akapiga, ngeee. Akapiga tena. Safari iliyofuata, kijana mmoja aliyekuwa akimimina chai, nyuma ya mpigaji na kushoto kwake, alidondosha birika akashika shavu. Tulidhani ameungua. Kisha damu ikapita katikati ya vidole.

Kipande cha ganda la shaba la risasi, cha milimita chache tu, kilikuwa kimeingia chini ya jicho. Tulimpeleka Itigi, Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, usiku kucha kwenye barabara ile, mmoja wetu akikishika kichwa chake kisitikisike. Madaktari walikitoa kipande, na jicho likapona. Kambini maneno yalikuwa mengi. Wapo waliosema ni bahati mbaya, na wapo walionong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mimi sikuridhika na jibu lolote kati ya hayo mawili. Mpigaji alikuwa amepiga sawasawa. Hakuna aliyekuwa mbele. Hakuna aliyevunja amri. Kama kila mtu alifanya kama alivyofundishwa na bado mtu ameumia, basi kuna kitu hatukufundishwa.

Nilipopata ruhusa ya kwenda Itigi niliichukua diski ile nikampelekea mzee mmoja fundi chuma, mstaafu wa reli, aliyekuwa na kibanda chake karibu na stesheni. Mzee huyo hakuwa mtu wa bunduki hata kidogo. Aliipokea diski, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kila alama ya risasi, polepole, kisha akaniuliza, "Kijana wangu, mlitegemea vipande viende wapi?" Akanionyesha. Kila risasi ilikuwa imechimba kishimo, na kila kishimo kilikuwa na ukingo ulioinuka. Risasi inayofuata ikiangukia ndani ya kishimo, vipande vyake havina pa kutokea ila kule ilikotoka. Juu ya hayo diski nzima ilikuwa imebonyea, kwa hiyo hata risasi iliyogonga mahali pasipo na kishimo vipande vyake vilifuata mbonyeo na kukusanywa kuelekea kwetu. Mzee alichukua tupa akaikwaruza diski: tupa iliuma. Akachukua kipande cha chuma kingine, sijui cha mashine gani, akakikwaruza: tupa iliteleza, ikaacha mkwaruzo mdogo tu. "Hiki ndicho cha kupigwa," alisema. "Hicho chenu ni cha kulimia."

Nimesoma mengi tangu siku hiyo, na nimeongea na wakufunzi wa jeshi na polisi, lakini sijapata maelezo yaliyoupita ule mkwaruzo wa tupa. Risasi ya kawaida ni madini ya risasi yaliyovikwa ganda la shaba. Inapogonga bamba lililo gumu, bapa na laini usoni, kwa kasi ya mita 700 kwa sekunde au zaidi, haiwezi kupenya wala kudunda, inapondeka. Nguvu yake yote, ambayo kwa risasi ya SMG, bunduki tuliyobeba doriani, ni kama jouli 2000, inaishia kwenye joto na kwenye kuisaga risasi yenyewe, na vipande vinatawanyika kwa kuufuata uso wa bamba: kando, juu, chini. Ukiliinamisha bamba mbele kwa nyuzi 10 hadi 20, sehemu yake ya juu ikiwa karibu zaidi na mpigaji na uso ukitazama ardhi, vipande vingi vinashuka. Chini yake panapaswa kuwa na mchanga au udongo mlaini, si changarawe, kwa sababu kipande kikigonga kokoto kinaanza safari mpya. Itigi kwa hilo tumebarikiwa, mchanga upo. Ukipanda kuelekea Singida mjini, Ikungi au Iramba, itakubidi uchague mawe kwa mkono kabla ya kuweka bamba, na uchague tena kila msimu mvua inapoyafunua mengine.

Yote hayo yanategemea ugumu wa chuma. Wahandisi huupima kwa kipimo kinachoitwa Brineli. Chuma cha mageti na madirisha, kile anachokuuzia mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kipo kati ya 120 na 150 hivi. Bamba la shabaha linatakiwa lifike 500, na lisipungue unene wa milimita 10 kwa bunduki ndefu za kawaida. Ni chuma cha aina ile wanayofunikia ndoo za mitambo ya migodini ili mawe yasizile. Na hapa ndipo nilipoona watu wenye nia njema wakiharibu kazi yao wenyewe: wanapata bamba zuri, gumu, kisha wanampelekea fundi wa kuchomelea awatengenezee miguu. Moto unalilainisha. Mahali palipochomelewa, na mahali palipokatwa kwa gesi, chuma kinarudi kuwa cha kawaida, na hapohapo ndipo vishimo vitakapoanza. Bamba gumu linatobolewa matundu bila moto, linatundikwa kwa bolti na minyororo, basi. Likining'inia linapata faida nyingine: linapopigwa linayumba, na kule kuyumba kunapunguza nguvu ya kile kinachorudi.

Kuna risasi ambazo hazipaswi kukutana na chuma hata kikiwa kigumu namna gani, na sisi wa maporini ndio tunaozibeba. Risasi nyingi za SMG na SAR zilizotufikia zina kiini cha chuma laini chini ya shaba. Kiini hicho hakipondeki kama madini ya risasi. Kinalichimba bamba, na bamba lililochimbwa nimeshaeleza linafanya nini. Kuzitambua si kazi ngumu. Tulivunja spika ya redio mbovu tukatoa sumaku, na kila boksi jipya la risasi lililoletwa kambini lilijaribiwa: inayonaswa inakwenda kwenye karatasi na tuta la udongo. Sumaku ile ilizunguka kambi nyingi kuliko afisa yeyote. Nyingine ni zile risasi ngumu za .375 na .458 za tembo na nyati. Zimetengenezwa makusudi zisivunjike ndani ya fuvu la mnyama wa tani kadhaa. Atakayezipiga kwenye bamba akitarajia zitavunjika hapo, sijui anatarajia kwa msingi gani. Hizo ni za kupimiwa kwenye karatasi, mbele ya tuta refu.

Kisha umbali. Wapiga shabaha wa dunia wamekubaliana kwa uzoefu, na uzoefu huo umelipiwa kwa damu, kwamba bastola isikaribie chuma zaidi ya mita 10 hivi, na bunduki ndefu isikaribie zaidi ya mita 90 au 100. Kipande kidogo cha shaba hakina uzito wa kusafiri mbali. Hewa inakichosha upesi. Mita 50 za ziada ndizo zinazoamua kama kitakufikia kikiwa na nguvu ya kuingia jichoni au kitaanguka nyasini. Mexico, ambako mchezo wa kupiga wanyama wa chuma ulianzia, kuku wa chuma anasimamishwa mita 200, nguruwe 300, bata mzinga 385, na kondoo mita 500. Nilipoiona orodha hiyo mara ya kwanza nilidhani ni majigambo ya walengaji. Ni ulengaji kweli, lakini umbali wenyewe umebeba usalama ndani yake. Na wale wanaokimbia kwa skii kwenye theluji huku wakilenga shabaha za chuma zinazoanguka, tangu mwaka 1978 wanapiga kwa mita 50, lakini wanatumia .22 ya madini ya risasi, risasi ndogo na laini. Kila umbali unaambatana na risasi yake. Mtu hawezi kuchukua mita 50 za watu wa theluji akazitumia na SMG.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi kuliko yote, nalo ni gobore.

Maeneo ya Manyoni, Itigi, Ikungi na Mkalama yana magobore. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, na gobore halikuachwa nje; wapo waliosajili na wapo wasiosajili. Mkulima analitaka kwa sababu ya ngedere, nguruwe pori, fisi. Silaumu hitaji lake, nimeona shamba la mahindi lililomalizwa usiku mmoja. Tatizo ni kwamba gobore linafukiwa baruti kwa kukadiria, na mbele ya baruti hakuna risasi ya kiwandani. Kuna goroli za beringi, vipande vya nondo, wakati mwingine misumari iliyokatwa. Na mtu aliyekarabati gobore lake anataka kulijaribu. Analijaribu wapi? Kwenye plau kuukuu lililotundikwa mtini, ili asikie.

Katika kijiji kimoja cha ukanda wa Rungwa mwenyekiti aliniomba niongee na wenye magobore. Walikuja wengi, wazee kwa vijana, wakakaa chini ya mti nje ya ofisi ya kijiji. Nilipofika kwenye habari ya chuma mzee mmoja alinyanyua mkono. "Afande," akasema, "bunduki yenu ina nguvu kuliko yangu. Yenu ikipiga chuma unasema risasi inavunjika, yangu unasema inarudi. Imekuwaje dhaifu ndiyo inarudi?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika mafunzo, na nilimwambia hivyo mbele ya watu. Nikamjibu: tope ukilirusha ukutani linatawanyika, jiwe linakurudia. Madini ya risasi yakienda kasi sana, kwa chuma ni tope. Goroli ni jiwe. Ni ya duara, ni ngumu, gobore halina nguvu ya kuipasua, kwa hiyo inagonga plau na kurudi nzima, ikiwa na nguvu ya kutosha kutoboa ngozi, na zaidi ya ngozi. Udhaifu wa gobore ndio hatari yake mbele ya chuma. Mzee alitikisa kichwa kwa muda, kisha akawageukia wenzake akamtaja jirani mmoja ambaye mguu wake ulikuwa na goroli hadi siku ile. Wote walimfahamu. Kumbe habari nilizodhani nimewaletea walikuwa nazo, ila walikuwa hawajaziunganisha na plau.

Nashawishika kwamba serikali za vijiji zingeokoa macho mengi kama kila mkutano wa kuhakiki leseni za magobore ungekuwa na nusu saa ya maneno haya. Hauhitaji bajeti. Unahitaji mtu mmoja anayejua na goroli moja ya kuonyesha.

Kuna watoto pia. Uwanja wa shabaha ukishafungwa jioni, asubuhi wapo. Wanaokota maganda ya shaba kwa ajili ya kuchezea au kuuza, wanaokota vipande vya madini ya risasi vilivyolala chini ya bamba, wanavitia mdomoni, wanavifunga kwenye nyavu na ndoana, wanaviyeyusha kwenye kopo ili watengeneze kitu. Madini ya risasi ni sumu, na mwili wa mtoto unayapokea haraka kuliko wa mtu mzima. Yanaharibu ubongo taratibu bila mtu kuona jeraha. Bamba la chuma linaongeza tatizo hilo, maana linasaga risasi kuwa vumbi na vipande vidogo badala ya kuziacha nzima ndani ya tuta. Mpigaji naye anaondoka na vumbi hilo mikononi na kwenye nguo. Nilikuwa mkali sana hapa na sijuti: maji na sabuni mwisho wa zoezi, hakuna kula ugali wala kuvuta sigara kabla ya kunawa, maganda yahesabiwe na yaondoke yote, na udongo chini ya bamba uchotwe kila baada ya muda na kufukiwa mahali ambapo mvua haiupeleki kisimani.

Kuhusu miwani, nilipambana na wenzangu kwa miaka. Askari waliona ni ulaini. Wengine walivaa zile miwani za jua za mnadani, ambazo kipande cha shaba kikizigonga zinaongeza vioo juu ya jeraha. Miwani inayofaa ni ile ya kinga wanayovaa mafundi, ya plastiki ngumu, inayofunika na pembeni. Na haitoshi kwa mpigaji. Anayeandika matokeo avae, dereva avae, anayepika chai avae au apike mbali, mgeni aliyekuja kumsalimia mkuu wa kambi avae au asubiri mbali. Nikiwa mkufunzi nilikataa kuanza zoezi mpaka kila mtu ndani ya eneo awe na kinga ya macho na masikio. Ikikosekana jozi moja, mtu mmoja anatoka, na mara nyingi aliyetoka alikuwa ofisa, kwa kuwa vijana walikuwa na mazoezi ya kufanya na yeye alikuja kutazama. Yule kijana wa birika, ambaye leo ni baba wa familia na bado yupo kazini, alikuwa anagawa miwani mwenyewe, mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kumwambia haina haja.

Kabla ya zoezi kuna kazi ambayo haina mlio na kwa hiyo haipendwi. Siku moja au mbili kabla, mtendaji wa kijiji anapewa taarifa na anaisambaza, maana mbiu ya mgambo ikilia watu wanajua kuna jambo, lakini isipolia watapita na ng'ombe wao kama kawaida, na watakuwa na haki. Bendera nyekundu inapandishwa. Mtu anatumwa kutembea nyuma ya tuta, kwa miguu, hadi anaporidhika kwamba hakuna mrina asali wala mchungaji. Kisha mkufunzi anakwenda kwenye bamba peke yake na kulipapasa kwa kiganja. Kiganja kinagundua kishimo ambacho jicho linakikosa. Likiwa na kishimo, ufa, au limebonyea, linashushwa siku hiyohiyo. Halisubiri bamba lingine lipatikane. Nimewashusha watu mioyo mara nyingi kwa jambo hili, wamesafiri, wamejiandaa, na mwisho wanaambiwa leo ni karatasi.

Mabamba magumu ni ghali na hayapatikani kirahisi kwetu, na sijaona sababu ya kijiji kuhangaika kuyatafuta. Chuma kina faida kwa askari anayehitaji kujua papo hapo kama amepata, akiwa amesimama, anasogea, anahema. Kwa mwenye gobore hakina faida yoyote. Vijijini ninakoalikwa tangu nistaafu, tunajaza mchanga kwenye viroba, tunavipanga kwenye tuta tukiwa tumeliangalia kwanza kwa sululu, tunabandika karatasi ya boksi mbele yake, na goroli zote zinabaki ndani ya mchanga. Vijana wananung'unika kwamba hakuna mlio. Mafunzo yanayofuata yatakuwa baada ya alizeti kuvunwa, na mwenyekiti ameahidi kwamba viroba safari hii vitatoka kwa wenye magobore wenyewe, kila mmoja cha kwake.